Wa kukabidhiwa huduma apimwe kwa magoti au kwa mwenendo?

Mberoya: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kundi linatafuta mtu wa kufundisha watoto na mwingine wa kutunza sadaka. Tutajuaje kwamba imani yake ni ya kweli na anakua? Wengi huuliza kama anafunga, anakesha, anajua maandiko. Nikisoma 1 Timotheo 3 sioni saa za maombi. Naona mume wa mke mmoja, asiye mlevi, asiyependa fedha, anayesimamia nyumba yake vema, anayeshuhudiwa mema na watu wa nje. Kipaji pekee kinachotajwa ni kujua kufundisha. Mstari wa 10 unataka mashemasi wajaribiwe kwanza. Mtu anayekesha kila Ijumaa huku nusu ya waumini wanamdai, mkesha wake ni kelele. Mnasemaje?

Sauti ya Nyikani: Mkesha ni kelele? Ndugu Mberoya, uchunge ulimi. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku na hakuna aliyemwita mpiga kelele isipokuwa waliomtupa kwa simba. Mwenendo usio na maombi ni adabu tu, na adabu hata asiyeamini anayo.

Mberoya: Sikusema maombi ni kelele. Soma sentensi yote, mtumishi.

Sauti ya Nyikani: Nimeisoma yote. Imenichoma yote.

Chumvi Kidogo: Kabla hamjararuana: magoti nayo yana ufundi. Anayeanza na saa nzima ya maombi huchoka ndani ya wiki mbili, kisha anajiona amerudi nyuma. Aanze na dakika 15, saa ileile, mahali palepale, simu ikiwa chumba kingine. Neno nalo ni hesabu. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma tatu kwa siku, mwaka unaisha zimebaki 94. Soma tatu Jumatatu hadi Jumamosi na tano Jumapili, ni 23 kwa wiki, unamaliza. Wengi hukwamia Walawi, ambako mpango huo unakufikisha mwishoni mwa wiki ya nne. Wakishapitwa na siku tatu wanataka kulipa sura zote kwa usiku mmoja, ndipo mpango unakufa. Siku iliyopita, iache ipite, endelea na ya leo. Na kufunga si kwa kila mwili: mwenye kisukari, mjamzito, anayetumia dawa za kila siku, amwone daktari kwanza.

Tabitha: Asante kaka, lakini mmeruka neno zito kuliko yote, *wanamdai*. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakuitisha mkesha. Alisimama akataja nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowanyang'anya. Torati ndivyo inavyoagiza, mara nne. Aliyedhulumu akatubu bila kurudisha hajatubu, amejuta tu.

Mkaa Torati: Dada Tabitha, hapo umeteleza. Mara nne ni ya kondoo aliyeibwa akachinjwa au kuuzwa, Kutoka 22:1. Ng'ombe ni watano kwa mmoja. Mnyama akikutwa hai mkononi mwa mwizi, ni mara mbili. Aliyedhulumu mwenzake kisha akakiri mwenyewe yuko Walawi 6: anarudisha kitu kamili, anaongeza sehemu ya tano, yaani asilimia 20, *siku ileile* anapoleta sadaka ya hatia. Zakayo alijitoza mwenyewe zaidi ya alichodaiwa na sheria.

Chumvi Kidogo: Sasa tumejua kwa nini Walawi 6 haijulikani. Mipango ya kusoma hufia Walawi 4.

Tabitha: 😂 Nimekubali asilimia 20. Hoja yangu haijaguswa.

Sauti ya Nyikani: Imeguswa na msalaba! Waefeso 2:8-9, kwa neema, si kwa matendo. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana alirudisha nini? Aliingia peponi siku hiyohiyo.

Mkaa Torati: Mikono yake ilikuwa msalabani, mtumishi. Ya kwako iko huru, tena unachapa nayo ujumbe. Na usikomee mstari wa 9, wa 10 unasema tuliumbwa *tutende matendo mema*.

Sauti ya Nyikani: Mnarudisha wokovu wa kununua. Martin Luther, aliyeanzisha Ulutheri, alipigana na haya haya.

Mberoya: Luther wa mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo, unaosema imani bila matendo imekufa, waraka wa majani makavu, na maneno hayo hayakubaki katika matoleo ya baadaye ya utangulizi wake. Walutheri na Wakatoliki walisaini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu, mwaka 1999, huko Augsburg. Lakini jamani, niliuliza kuhusu mwalimu wa watoto.

Tabitha: Mwalimu wa watoto mwenye madeni ni swali lilelile. Wasiojua pa kuanzia waandike kwenye karatasi: nani, kiasi gani, lini. Waanze na deni dogo la mtu mnyonge, si kubwa la mtu mashuhuri. Waende wenyewe, wasimtume mchungaji. Fedha ikiwa pungufu, wapeleke sehemu na tarehe ya inayofuata, kwa maandishi. Wengi huharibu kwa kusema "kama nilikukosea". Hiyo *kama* inamgeuza mwenye haki kuwa mshukiwa. Wengine huomba msamaha kwanza ili deni lisamehewe nalo. Lipa, kisha omba.

Mkaa Torati: Na mdai akiwa amefariki, Hesabu 5:8: apewe jamaa wa karibu, na asipokuwapo ndipo inakwenda kwa kuhani. Si kuruka moja kwa moja kwenye kapu la sadaka kwa sababu huko kuna makofi.

Sauti ya Nyikani: Zakayo mwenyewe hakuahidi kitu! Biblia yetu inasema "nawapa", "namrudishia". Ni wakati uliopo. Alikuwa anaeleza desturi yake dhidi ya waliomnung'unikia.

Mkaa Torati: Hapo umenifurahisha, na Kiyunani chake ni wakati uliopo kweli. Wapo wafasiri wanaosoma hivyo. Lakini Luka 19:9 Bwana anasema *leo* wokovu umefika. Kama ilikuwa desturi ya kila siku, hiyo leo ina nini?

Sauti ya Nyikani: Leo Bwana aliingia nyumbani. Wokovu ni Yeye, si daftari la madeni.

Tabitha: Basi kwa usomaji wako Zakayo alikuwa analipa *kila mara*, tena mara nne. Umemfanya mgumu kuliko nilivyomfanya mimi.

Sauti ya Nyikani: Dada, mimi naongelea neema.

Tabitha: Nami naongelea Zaburi 37:21, akopaye asilipe.

Chumvi Kidogo: Mberoya, kama bado upo: mtunza sadaka wawe wawili wasio ndugu, wahesabu pamoja, wasaini pamoja kabla ya kuondoka. Hapo hutahitaji kupima magoti ya mtu.

Sauti ya Nyikani: Kwa hiyo hamwaminiani?

Mkaa Torati: 2 Wakorintho 8:20-21. Paulo naye hakutaka kubeba changizo peke yake.

Sauti ya Nyikani: Hilo nalo tulifungulie mjadala wake. Mkesha bado hamjanijibu.