Ushauri: siku sita chini ya Kilimanjaro bila kupanda, tufanye nini?

MtuWaDonholm
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie mapema maana tunaondoka wiki mbili zijazo. Natoka hapa Nairobi kwenda upande wa Kilimanjaro na mzee wangu, siku sita. Hatupandi mlima. Nataka shughuli za huku chini: maporomoko, kahawa, chemchemi, vijiji, chochote kitakachomfanya mtu asahau kwamba kuna kilele. Siku iwe imejaa kuanzia asubuhi mpaka usiku. Nimekosa usingizi kwa ajili ya hii safari. Tafadhali, matangazo ya kampuni siyataki.

Shemeji_Kasarani
Kwani ni lazima mvuke mpaka? Nendeni Amboseli. Mlima ni wa Tanzania, lakini sura yake iko kwetu. Panda kile kilima cha kutazamia ndani ya mbuga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajafunika. Ikifika saa nne umechelewa, ngojea jioni. Mimi nilimpeleka mke wangu kwa gari la kuazima, likazama kwenye vumbi, tembo wakapita mbele yetu familia nzima, mama na watoto. Mke wangu alinishika mkono hivi, na wakati huo hatukuwa tumesemeshana wiki mbili. Mpaka leo namshukuru yule tembo.

Binti_Uru
Karibuni kwetu. Materuni kuna maporomoko ya karibu mita 80, na wenyeji watawafundisha kahawa tangu kuikoboa, kuitwanga kwenye kinu kwa nyimbo, kuikaanga kwenye moto wa kuni, hadi kikombe. Chemka iko upande wa Boma Ng'ombe. Watu huiita chemchemi ya maji moto ila maji ni vuguvugu tu, ya buluu, chini ya mikuyu. Lakini mzee ana umri gani? Njia ya Materuni ina miinuko, na Chemka ni kuogelea.

MtuWaDonholm
Ana miaka 74. Ana nguvu. Zamani alikuwa mgumu huko Marangu, mwaka 1979 alikuwa bado anabeba mizigo ya watalii. Mlima anaujua kuliko mimi. Sitaki tu achoke sana.

Shemeji_Kasarani
Mgumu ndiyo nini?

Binti_Uru
Mpagazi. Sisi huwaita wagumu, na wakikupita njiani na mzigo kichwani utajua kwa nini.

NesiWaKayole
Ngoja kidogo. Mzee ana nguvu, mlima ameufanyia kazi, na wewe unataka asahau kilele. Tena siku sita. Njia ya Marangu watu huipanda na kushuka kwa siku tano au sita. Kuna kitu hujasema. Anaumwa?

Fundi_Redio
Msisahau pasipoti. Kitambulisho chetu kinafika Uganda na Rwanda, Tanzania hakikubaliwi. Jirani yangu alirudishwa Namanga na zawadi zake za harusi.

MtuWaDonholm
Sawa. Ni moyo. Alilazwa Februari, na daktari amesema kupanda juu asahau kabisa.

Shida ni kwamba yeye anajua tunaenda kupanda. Ni mimi niliyemwambia. Pale wodini alikuwa amekataa kula, siku ya nne, uso umegeukia ukuta. Nikamwambia, "Baba, ukipona nitakupeleka, tulale kwenye vibanda vya Mandara kama zamani." Siku hiyo alimaliza uji. Sikuweza kurudi nyuma tena. Sasa amenunua viatu Gikomba, na kila asubuhi anapanda ngazi za ghorofa yetu, anazihesabu kwa sauti.

Mpango wangu ni kumjazia siku hadi ya tano, halafu nimwambie mvua imeharibu njia. Nyumba ya wageni Marangu nimeshalipia. Najua mtasema nimwambie ukweli. Nyinyi hamkumwona akitazama ule ukuta. Nipeni sehemu za kwenda, basi.

Mwalimu_Mstaafu
Mwanangu, mama yangu tulimficha kwamba ng'ombe wake mweupe ameuzwa kulipa hospitali. Tulisema yuko kwa mjomba. Kila Jumapili aliuliza amezaa au bado, na sisi tukawa tunazalisha ndama wa mdomoni. Alipojua, ng'ombe hakumtaja hata mara moja. Alisema tu, "Kumbe mlinihesabu mtoto." Miaka kumi na moja imepita, neno hilo bado linaniamsha. Mwambie baba yako.

Shemeji_Kasarani
Mpe mtori wa ndizi na pombe ya mbege siku tatu mfululizo, mlima atausahau mwenyewe.

NesiWaKayole
Mbege hapana, huyo ana dawa za moyo. Na hizo ngazi azisimamishe leo, hadi daktari wake aseme kiasi gani kinamfaa. Uongo wako ndio unaompandisha ngazi, ndugu yangu, na hiyo ndiyo hatari iliyo karibu kuliko mlima.

Kuhusu mwinuko msikilize daktari, ila ujue hili uende ukamuulize vizuri. Nairobi yenyewe iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Moshi mjini haifiki 1,000. Marangu Mtoni pia ni chini kuliko hapo Donholm. Kwa hiyo kijijini hatakuwa juu zaidi ya anapolala kila siku. Hesabu inabadilika kuanzia lango la hifadhi, karibu 1,900, na Mandara ni 2,700. Kilele ni 5,895, huko hewa ya kuvuta ni kama nusu ya ile ya Mombasa. Halafu chanjo ya homa ya manjano: Tanzania wanaweza kuwadai kadi mpakani, na kwa mtu aliyepita miaka 60 anayepewa kwa mara ya kwanza, daktari lazima apime kwanza. Asipofaa kuchanjwa, aombe barua ya daktari. Usimpeleke kudungwa kimyakimya.

Kachero_Eastlands
Samahani, nitawaharibia machozi. Huu uzi ni hadithi. Kwanza, huyu MtuWaDonholm mwaka jana alifungua uzi kuhusu kesi ya shamba la "marehemu baba". Marehemu anapandaje ngazi? Pili, anasema mzee alikuwa mpagazi Marangu mwaka 1979. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa 1977 Jumuiya ilipovunjika, ukafunguliwa 1983. Mkenya alikuwa anabeba mizigo ya nani huko?

Fundi_Redio
Duh. Na mimi nilikuwa nimeshampigia mama simu.

Shemeji_Kasarani
Rudisha machozi yetu, bwana.

Mwalimu_Mstaafu
Taratibu. Mwaka 1848 Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai, aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta. Wasomi wa London wakamwita mtu wa kuota, na wao hawajawahi kukanyaga huku. Theluji ilikuwepo. Muulizeni mwenye uzi, ajibu.

MtuWaDonholm
Nimesoma. Imeniuma, lakini Kachero ameuliza haki yake.

Baba aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka tisa. Ninayemwita baba ni baba mdogo, ndugu yake, aliyenilea, akanilipia karo kwa kuuza vitunguu Wakulima. Nyumbani kwetu hakuna anayemwita "baba mdogo". Ni Baba.

Kuhusu mpaka: sisi ni wa Taveta. Alikwenda Marangu kijana kutafuta kazi, na 1977 ulipofungwa yeye alikuwa upande wa pili. Watalii walipungua, mizigo ikawa ya mara mojamoja. Kuna mzee wa Kichagga alimpa chumba kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, akawa anamsaidia kuchuma kahawa na kuzibua mfongo, ule mfereji wa maji. Miaka sita. Mpaka ulipofunguliwa alirudi Taveta kwa miguu, akaahidi atarejea kusalimia. Yule mzee akafariki, akazikwa palepale kihambani, na Baba hajawahi kurejea. Haya sikuyasema mwanzo kwa sababu si yangu, ni yake.

Kachero_Eastlands
Ndugu, nisamehe. Marehemu babangu naye alikwama, yeye upande wa Namanga. Nilipaswa kufikiria hilo kabla ya kuandika.

Binti_Uru
Sasa umenipa safari tofauti kabisa. Ondoa Materuni, ondoa Chemka. Hapo Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori, lakini yana ngazi, mzee akae juu asikie maji yakianguka, yanatosha. Kuna mapango waliyojifichia Wachagga wakati wa vita na Wamasai, asiingie, ni kuinama sana. Ziwa Chala mtalipata kabla ya kuvuka, karibu na kwenu Taveta, alitazame kutoka ukingoni. Kushuka mpaka majini ni kwa vijana. Na asubuhi mapema mweke kiti nje ya nyumba ya wageni. Kibo, kile kilele, akijitokeza mtamwona wote wawili.

Halafu kuna sale. Ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi. Bibi yangu alinifundisha: ukimkosea mtu, unafunga fundo kwenye jani la sale unampelekea. Ukishapokea jani hilo, kukataa kusamehe ni vigumu sana kwetu.

MtuWaDonholm
Nimemwambia jana. Alikuwa kwenye ghorofa ya tatu, viatu mguuni, amefika hesabu ya hamsini na nane. Nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia yote, mpaka ile ya mvua.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniambia kilele hajawahi kukiona kwa karibu maisha yake yote. Wagumu walikuwa wanabaki kwenye vibanda vya Kibo, chini ya kilele, wanawangoja wageni washuke na picha zao. "Nani alikwambia nautaka mlima?" Akauliza kama gari siku hizi linafika mpaka kwa yule mzee, au bado ni kutembea kutoka barabarani.

Amekasirika. Asubuhi amekunywa chai bila kunisemesha, na dawa amezimeza mwenyewe bila mimi kumkumbusha. Viatu ameviacha mlangoni, amevipaka rangi.

Daktari tunamwona Jumatatu, na safari hii Baba atauliza mwenyewe. Tutashuka na reli mpaka Voi, tulale Taveta, tuvukie Holili. Binti_Uru, kutoka Himo kupanda Marangu Mtoni magari ya jioni yapo? Na hiyo sale, nikiiona barabarani naweza kuchuma?

Binti_Uru
Magari yapo, ila msivuke mmechelewa, giza lisiwakute njiani na mgonjwa. Sale usichume barabarani. Mkifika kwenye kihamba mtaomba kwa wenyewe, na mwache mzee afunge la kwake kwanza.