Magari manne, mwenye mali mmoja: kwenye kulipa tunahesabiwa wanne, kwenye klemu (madai ya bima) tunahesabiwa mmoja

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Kigoma mjini, Mwanga, na leo nina hasira. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite.

Nina magari manne. Fuso inabeba dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, Hiace inapiga abiria Kigoma–Kasulu, Probox ni ya mizigo midogo, na IST ni ya nyumbani, kazi yake kubwa ni watoto na shule. Miaka yote kila gari lilikuwa na bima yake na tarehe yake. Fuso na IST nakata bima kubwa (inalipa hata gari lako), Hiace na Probox bima ndogo (inamlipa uliyemgonga tu). Moja ikiisha Februari, nyingine Juni, nyingine Novemba, najipanga taratibu, maisha yanaenda.

Juni 2023 akanijia wakala wa kampuni ileile niliyokuwa nayo. Maneno matamu: "Bosi, mtu kama wewe hukati bima rejareja. Tukuweke magari yote kwenye polisi moja (yaani mkataba mmoja wa bima), tarehe moja, wewe ni mteja mkubwa, kuna nafuu ya kundi." Nikauliza nafuu kiasi gani. Akasema mwaka wa kwanza bei ya kawaida ili mfumo uwatambue, nafuu inaanza kwenye kuhuisha. Sawa.

Kituko kilianzia hapohapo. IST ilikuwa na miezi mitano haijaisha. Ili iingie kwenye tarehe ya pamoja wakaikata upya mwaka mzima. Gari walilikadiria milioni 12, bima ni asilimia 3.5 ya thamani, yaani 420,000, weka VAT asilimia 18, jumla 495,600. Gawa kwa 12 utapata 41,300 kwa mwezi. Miezi mitano ni 206,500. Pesa yangu, kampuni ileile, gari lilelile. Nikaambiwa itafanyiwa marekebisho kwenye mfumo. Mpaka leo huo mfumo haujarekebishika.

Sasa twende Juni ya 2024. Wote mliopo huku mnajua mwaka huo ziwa lilifungwa kuvua tangu Mei 15 mpaka Agosti 15. Fuso ikalala uani, dereva nikawa nampa posho tu asitoroke. Na tarehe moja ya kuisha bima, ile niliyouziwa kama neema, ikaangukia humohumo. Magari manne kwa mkupuo! Naomba nilipe kwa awamu, naambiwa bila kulipa hakuna kava. Kwa hiyo kile nilichokuwa nasambaza mwaka mzima natakiwa nikitoe siku moja, wakati gari linalowalisha wenzake halifanyi kazi.

Nikajikaza, nikasema ngoja nione hiyo nafuu ya kundi. Nikapewa kotesheni, yaani makadirio ya bei. Karatasi moja, mistari minne, kila gari na mstari wake. Safu ya punguzo: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Yule dada wa kaunta alikuwa ameshaipigia muhuri kabla sijakaa. Halafu pembeni kuna safu ya nyongeza kwa sababu ya klemu. Hiyo imejazwa kwa Fuso na imejazwa kwa IST.

Klemu gani? Mwezi wa pili dereva wa Fuso alirudi nyuma pale Kibirizi akagonga Noah ya watu iliyopaki, ikavunjika taa na bampa. Trafiki wakaja, ripoti ikatoka, kampuni ikamlipa mwenye Noah. Hapo walifanya kazi yao, siwaonei. Na Fuso kuongezewa naelewa, ndiyo iliyogonga.

Lakini IST? IST haikuwepo Kibirizi. Haijawahi kudai hata kioo. Mwaka 2024 wameikadiria milioni 11 kwa sababu imezeeka, ila asilimia imepanda kutoka 3.5 hadi 4.5. Piga mwenyewe: 495,000, jumlisha VAT 89,100, unapata 584,100. Gari limeshuka thamani, bima imepanda karibu elfu tisini, kosa lake ni kulala uani pamoja na Fuso.

Nikampigia wakala. Nawawekea mazungumzo kama yalivyokuwa:

— Kaka, kampuni inaangalia mteja, haiangalii gari.
— Sawa. Kama inaangalia mteja, punguzo la mteja mwenye magari manne liko wapi?
— Punguzo linaangalia gari, kaka. Na viwango vya chini ni vya TIRA (mamlaka inayosimamia bima), hatuwezi kushuka chini ya hapo.

Wakuu, mimi sikusoma sana lakini hii hesabu hata mtoto wa darasa la nne anaikataa. TIRA wana viwango vya chini, hilo nalijua, na lilikuwepo hata siku ananiahidi. Basi angesema toka mwanzo kwamba gari lililo kwenye kiwango cha chini halina pa kupunguziwa, kwa hiyo kundi halina faida kwako. Sakafu imekuwepo siku zote, ila dari naona hakuna.

Na hata hilo "kundi" ni la kwenye makaratasi yao tu. Trafiki akikusimamisha Kidahwe hataki kujua una polisi moja au kumi, anaingiza namba ya gari kwenye simu aone inasoma. Kila gari na stika yake. Julai 2023 Probox iligoma kusoma kwa sababu waliingiza herufi moja vibaya walipokuwa wanayahamishia magari yote kwa pamoja. Nimelipa, nina risiti, na bado nikawekwa pembeni ya barabara kama mwizi. Mkiunganisha magari kagueni namba ya kila moja wenyewe kwenye mfumo wa TIRA kabla hamjaondoka kaunta, msiwaamini.

Nawajua wale watakaokuja kusema "kata bima ndogo zote, 118,000 gari la nyumbani, yaishe". Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Fuso ikipinduka kwenye milima ya kwenda Nyakanazi, bima ndogo haikupi hata bolti. Gari la mkopo wa benki ndiyo kabisa, benki yenyewe inataka bima kubwa.

Nilichoamua: nayatenganisha. Bima ya Fuso peke yake, ya IST peke yake na kwa kampuni nyingine kabisa, tarehe zirudi kusambaa kama zamani. Nimeshaandika barua ya malalamiko kwa kampuni, nimebaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakinizungusha nakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wengi hawajui kama hiyo ofisi ipo. Ipo kisheria, na kazi yake ni haya mambo ya mteja na kampuni.

Swali langu kwa wenye magari mengi, hasa wa Kasulu, Kibondo na Tabora: kuna aliyewahi kupewa nafuu ya kundi kwa maandishi, tena kabla ya kulipa? Nataka asilimia, sitaki "tutakuangalia bosi". Na je, klemu ya gari moja ilibaki kwenye gari hilo, au iliwapandishia bei magari yote? Mwenye polisi yake aisome kwenye kipengele cha kuhuisha atuambie kimeandikwaje. Yangu ina mstari mmoja tu, "kampuni itazingatia historia ya mteja", basi, hakuna kingine.

Na wewe wakala, najua unapita humu maana uliwahi kujisifia hivyo. Kutukana mtu sitaki, ila hizo 206,500 za IST bado zangu. Simu yangu unayo.