Folda, lebo au viungo: nipange vipi madokezo yangu ya kidijitali?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Madokezo yangu yote nimeyaweka katika Obsidian, programu ya kuandikia madokezo, kila moja likiwa faili yake ya Markdown (maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio), na hadi sasa nayapanga katika folda kwa kufuata mada. Kadiri yanavyoongezeka ndivyo mpangilio huo unavyonikwamisha, kwa sababu dokezo kuhusu rutuba ya udongo lina haki ya kukaa katika folda ya kilimo, katika ile ya kemia, na hata katika ile ya kitabu nilimolipata. Je, niachane na folda nibaki na lebo na viungo? Na katika programu-jalizi nyingi zilizopo, yaani vijiprogramu vya kuiongezea Obsidian uwezo, zipi zina faida ya kudumu?

Jibu la kwanza

Ndugu, usiziache folda, bali zipunguzie kazi. Folda hujibu swali moja tu, nalo ni faili inakaa wapi. Ukiitaka ijibu pia faili inahusu nini, itashindwa, kwa kuwa dokezo lenye maana huhusu mambo mengi kwa wakati mmoja. Mimi naona folda zifuate aina ya dokezo: ya kila siku, ya vyanzo, ya kazi zinazoendelea, na viambatisho. Aina hizo hazigongani kwa urahisi.

Mada ziachie viungo. Mwanasosholojia wa Ujerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha kadi za madokezo zipatazo 90,000, na kila kadi ilikuwa na namba yake isiyobadilika ambayo kadi nyingine ziliweza kuitaja. Wengi husifu wingi wa kadi zile, lakini kwangu funzo kubwa limo katika faharasa yake: chini ya neno moja aliorodhesha kadi chache tu za kuanzia, kisha marejeo ya kadi kwa kadi yakampeleka kwingine. Nawe unaweza kuandika dokezo moja la kuingilia kwa kila mada unayoishughulikia kwa dhati, ukaweka humo viungo vichache, na kando ya kila kiungo sentensi inayoeleza kwa nini kipo. Sentensi hiyo ndiyo yenye thamani, maana kiungo kisicho na sababu hakitakuambia lolote baada ya mwaka mmoja.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila lebo nazo zina mahali pake. Zitumie kuonyesha hali ya dokezo, kwa mfano #rasimu au #lihakikiwe, nawe uiondoe lebo kazi ikikamilika. Lebo za mada huzaana ovyo, na muda si mrefu utakuwa na #kilimo, #ukulima na #mashamba zikigawana madokezo yaleyale.

Kuhusu programu-jalizi, nina kipimo kimoja: je, nikiifungua faili kwa kihariri cha kawaida kabisa, bado nitayasoma yaliyomo? Violezo hufaulu kipimo hiki, kwa sababu vikishatumika hubaki maandishi matupu. Dataview, programu-jalizi inayoorodhesha madokezo kwa vigezo unavyoweka, hufaulu nusu tu: orodha inayoonyesha haimo ndani ya faili, kilichomo ni maagizo ya kuitengeneza, kwa hiyo itumie kutazamia madokezo, usiitumie kuhifadhi maarifa yenyewe. Mwonekano na rangi vichague upesi uendelee na kazi.

Majina ya faili yanastahili uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Tarehe iandikwe mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-03-09, ili mpangilio wa kialfabeti uwe pia mpangilio wa wakati. Dokezo la wazo lipewe jina linalotamka wazo lenyewe, kama «Mboji huongeza uwezo wa udongo kushika maji», badala ya «Udongo 2».

Muuliza swali

Nashukuru sana, ndugu zangu. Je, nikisawazisha simu na kompyuta, nahitaji nakala rudufu tena?

Jibu la pili

Unaihitaji. Usawazishaji hupeleka kila badiliko kwenye vifaa vyote, kufuta kukiwemo, kwa hiyo faili uliyoifuta kimakosa kwenye simu itatoweka na kwenye kompyuta. Kwa kuwa madokezo yako ni maandishi matupu, Git, programu ya kuhifadhi matoleo ya faili, inaweza kukutunzia historia ya kila faili. Pamoja na hiyo, weka nakala nyingine kwenye diski ya nje usiyoiacha imechomekwa wakati wote.