Mwongozo wa ukuta wa moto usiotaja toleo: tunauziwa hatari hapa Arusha

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira. Kampuni iliyotufungia ruta zenye OpenWrt (programu endeshi ya ruta) katika nyumba yetu ya wageni hapa Njiro ilitukabidhi mwongozo wa Kiswahili, tena wa kulipia, ambao hauna ukurasa hata mmoja unaosema maelezo yake yanahusu toleo lipi.

Kurasa za mwanzo zinaelekeza kuandika kanuni za iptables (chombo cha zamani cha ukuta wa moto, yaani firewall, kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) katika faili la /etc/firewall.user. Hilo lilikuwa sahihi hadi toleo la 21.02. Tangu 22.03, lililotoka Septemba 2022, ukuta wa moto wa OpenWrt umehamia nftables, chombo kipya cha kazi hiyohiyo, na faili hilo hurukwa isipokuwa sehemu ya mipangilio inayoliita iwekewe alama ya fw4_compatible, yaani kwamba inaoana na ukuta huo mpya. Mafundi walisasisha ruta wakabakiza mipangilio ya zamani. Kanuni iliyowazuia wageni wasiifikie kompyuta ya mhasibu ikakoma kufanya kazi, wala hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa intaneti iliendelea kupatikana kama kawaida. Onyo lipo, maana ukiuwasha upya ukuta huo kwa amri unaonyeshwa ujumbe kwamba sehemu hiyo imerukwa. Nani atauona, iwapo mwongozo unamfundisha mtu kubonyeza kitufe cha kuhifadhi na kufunga ukurasa?

Sura ya vifurushi vya programu ndiyo kichekesho. Ukurasa mmoja unatumia opkg, unaofuata unatumia apk, amri mbili tofauti za kusakinisha vifurushi hivyo. Matoleo ya majaribio yalihamia apk Novemba 2024, ilhali toleo thabiti la 24.10, ambalo ndilo letu, limebaki na opkg; ukiandika apk unajibiwa kwamba amri hiyo haipo. Mwandishi amenakili huku na huku bila kujiuliza msomaji ana lipi.

Watengenezaji wa programu siwalaumu, kwani mabadiliko hayo wameyaeleza katika taarifa za matoleo. Fundi wetu nilipompigia alinijibu: "Mzee, mwongozo ni uleule, hakuna kilichobadilika."

Nataka kila ukurasa utaje toleo lake, maelezo ya matoleo ya majaribio yatengwe kabisa, na kurasa zilizorekebishwa zitufikie kabla fundi hajaigusa ruta. Hadi hapo ada ya matengenezo silipi. Nanyi mliouziwa mwongozo huu Moshi na Usa River, fungueni faili hilo leo: mkikuta kanuni za iptables humo na ruta yenu ni ya 22.03 au ya baadaye, msizitegemee.