Tumemwachisha mama parachichi kwa sababu ya presha na lehemu. Tumekosea?

Kitindamimba wa Tukuyu:
Wakuu, salaam. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Tukuyu. Miezi miwili iliyopita alipima, akaambiwa presha iko juu na lehemu imepanda. Kapewa dawa, kaambiwa na mafuta apunguze. Sisi watoto kusikia mafuta tu, tukamkataza parachichi, maana mama hali ugali wala wali bila parachichi pembeni, na miti minne anayo nyuma ya nyumba. Ametii, ila kila nikipiga simu ananiambia chakula hakishuki. Sasa jirani kamshauri akaushe kokwa, asage, anywe kwa maji ya moto, eti inashusha presha. Yaani tunda tumkataze, kokwa anywe? Naombeni ushauri. Natanguliza shukrani.

Jembe Halimtupi Mkulima:
Mpeni mama tunda lake. Bibi yangu kalila mpaka uzeeni na presha hakuijua.

Kona Kali:
Bibi yako alikuwa anapanda mlima na jembe begani kila asubuhi. Usimsingizie parachichi.

Sahani Moja:
Mkuu, neno "mafuta" ndilo lililowapoteza. Yanayopandisha lehemu mbaya ni hasa yale yanayoganda: samli, mafuta ya nyama, hata mawese mkiyamimina bila kupima. Ya parachichi mengi ni jamii moja na ya zeituni. Gramu 100 za parachichi zina mafuta kama gramu 15, na ya kundi lile baya hayazidi gramu 2 na kitu. Nyuzinyuzi kama gramu 7, sukari karibu hakuna, na potasiamu inaishinda ndizi mbivu. Potasiamu hiyo ndiyo inayousaidia mwili kutoa chumvi kwenye mkojo, kwa hiyo kwa mwenye presha ni msaada.

Ila msiligeuze dawa. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2022, watu zaidi ya 1,000 wenye vitambi, nusu yao wakapewa parachichi moja kila siku kwa miezi 6. Uzito haukupanda, kitambi hakikupungua, lehemu ilishuka kidogo sana.

Halafu hao walikula Hass, tunda dogo. Yale ya kienyeji ya huko kwenu moja linaweza kuwa na uzito wa Hass mawili au zaidi, na gramu 100 ni kalori 160. Robo kwa mlo inatosha, na siku hiyo mboga isikaangwe kwa mafuta mengi. Mchicha au karoti akila pamoja nalo, vitamini A inaingia vizuri zaidi.

Dirisha la Dawa:
Kabla ya kumruhusu, taja dawa anazotumia. Spironolaktoni inabakiza potasiamu mwilini, enalaprili na losatani nazo kwa kiasi. Figo zikiwa zimechoka, potasiamu inajaa na mapigo ya moyo yanavurugika. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asibadilishe ghafla kiasi cha parachichi, lina vitamini K inayosaidia damu kuganda. Hiyo kokwa aiache kabisa. Hakuna dozi inayojulikana, na mama tayari yuko kwenye dawa.

Mama Chapati:
Mimi nauliza kitu kimoja. Analila na nini?

Kitindamimba wa Tukuyu:
@Mama Chapati umenishika. Analikata, ananyunyiza chumvi mpaka linang'aa. Tangu tuko wadogo tunakula hivyo.
@Dirisha la Dawa ni amlodipini peke yake. Figo hajapima.

Mama Chapati:
Basi mmemfunga asiye na kosa, mwizi yuko kwenye kikopo cha chumvi. Akamulie ndimu, aweke kitunguu na pilipili kidogo. Hatakumbuka chumvi.

Dirisha la Dawa:
Amlodipini haina ugomvi na parachichi. Akirudi kliniki aombe kipimo cha kreatinini, kile cha kuangalia figo, na dawa asiache hata presha ikitulia.

Kona Kali:
Na sisi wa juisi ya parachichi na maziwa ya kopo?

Sahani Moja:
@Kona Kali hiyo weka pamoja na soda, usiiweke na matunda.

Kitindamimba wa Tukuyu:
MREJESHO. Mama kaenda kliniki, figo ziko salama, daktari kasema ale kwa kiasi na chumvi apunguze. Nimempigia kumweleza habari ya ndimu. Kanyamaza kidogo, kisha kaniuliza: "Kwa hiyo miezi miwili yote nimekuwa nanenepesha nguruwe wa jirani?"

Kokwa kasema ameshaitupa. Ilikuwa chungu.