Uvumbuzi uliolipiwa kwa fedha za jeshi uwe mali ya nani?

Mtoa hoja:

Naleta swali ambalo limebishaniwa tangu Vita vya Pili vya Dunia bila kupata jibu la kuridhisha. Wizara ya ulinzi inapolipia utafiti wa elektroniki, wa malighafi mpya au wa vifaa vya maikrowevu, na utafiti huo ukazaa kitu kinachokuja kuuzwa kwa raia, hataza ya kitu hicho, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kukitumia bila idhini, iwe mikononi mwa nani? Nautaja msimamo wangu mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia: hataza iwe ya umma, leseni apewe yeyote mwenye uwezo wa kuitumia, na mrabaha, yaani malipo ya kuitumia, urudi kwenye mfuko uliolipia utafiti.

Tuanze na magnetroni, kifaa cha kuzalisha mawimbi ya maikrowevu. Mwezi Februari 1940, John Randall na Harry Boot, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliokuwa na mkataba na wizara ya jeshi la majini la Uingereza, waliwasha kifaa ambacho kwa kukitazama tu huoni la ajabu: pande la shaba lenye tundu moja katikati na matundu sita yaliyolizunguka, kila moja likiungana na la kati kwa mfereji mwembamba, ncha zimezibwa kwa lakiri huku pampu ikiendelea kunyonya hewa. Elektroni zilizotoka katikati zilizungushwa na sumaku zikapita mbele ya midomo ya matundu yale, nayo yakaitika kama chupa inavyovuma ukiipuliza mdomoni. Mawimbi yaliyotoka yalikuwa na urefu wa takriban sentimita 10 na nguvu ya mamia ya wati. Rada, ambayo hadi hapo ilitegemea minara mirefu, sasa ingeweza kukaa kwenye pua ya ndege. Mwezi Septemba mwaka huohuo ujumbe wa Henry Tizard ulikipeleka kifaa hicho Marekani. Mwaka 1945 Percy Spencer wa Raytheon, kampuni iliyokuwa ikiyatengeneza magnetroni kwa wingi kwa ajili ya jeshi, aliomba hataza ya kupikia chakula kwa mawimbi hayohayo.

Mtazameni mlipa kodi katika safari hiyo. Alilipia utafiti, akalipia viwanda vilivyojifunza kutengeneza kifaa kwa maelfu, na alipotaka jiko la maikrowevu alilipa mara ya tatu, safari hii akiwa mteja asiye na haki yoyote zaidi ya mteja mwingine. Simlaumu Spencer, ambaye jicho lake liliona walichokuwa wamekipita wengine. Ninalouliza ni kwa nini mkataba wa mwanzo haukumkumbuka aliyelipa.

Wala swali hili si jipya. Wakati wa vita hiyo utafiti wa kijeshi wa Marekani uliongozwa na Vannevar Bush, na mikataba mingi ya ofisi yake ilimwachia mkandarasi hataza, serikali ikibaki na leseni ya bure kwa matumizi yake yenyewe. Seneta Harley Kilgore alipinga, akitaka kilichogharimiwa na umma kimilikiwe na umma. Kilgore alishindwa. Mwaka 1980 sheria ya Bayh-Dole iliviruhusu vyuo vikuu na kampuni ndogo kujimilikia walichovumbua kwa fedha za serikali, na miaka michache baadaye ruhusa hiyo ikapanuliwa hadi kwa kampuni kubwa. Ni kweli kwamba sheria iliiachia serikali haki ya kuingilia kati endapo mwenye hataza anaikalia tu, lakini kwa miongo minne ya kwanza hakuna idara hata moja iliyoitumia haki hiyo, na haki isiyotumika kwa miaka arobaini haimtishi mtu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, ilitumia mamia ya mamilioni ya dola kuvifundisha viwanda kutengeneza chipu za maikrowevu za asenidi ya galiamu, kwa sababu rada na makombora yalizihitaji kwa wingi na kwa bei nafuu. Ujuzi huo ulihamia kwenye simu za mkononi, ambamo chipu za malighafi hiyohiyo hukuza mawimbi kabla hayajaondoka kwenye antena kuutafuta mnara. Nani alilipia sehemu ngumu ya safari hiyo, na nani anakusanya faida?

Mpinzani:

Ndugu mtoa hoja, umeieleza magnetroni vizuri, ila umeacha jambo ambalo linabadilisha hesabu yote. Wahandisi wa Kisovyeti, Alekseev na Malyarov, walitengeneza magnetroni yenye matundu mengi kabla ya vita, na wakaichapisha katika jarida mwaka 1940. Kwa hiyo wazo halikuletwa na fedha za jeshi la majini. Fedha hizo zilileta haraka, na baada yake zikaleta viwanda. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu ukimpa mlipaji umiliki wa wazo zima, unampa zaidi ya alichokinunua.

Chukua nitridi ya galiamu, malighafi ya kutengenezea chipu ambayo leo imo katika rada mpya na katika minara ya simu. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Nagoya, pamoja na Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, waliihangaikia malighafi hiyo kwa miaka mingi wakitafuta diodi ya mwanga wa buluu, wakaipata, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hawakuwa wakitafuta rada. Transista yenye elektroni za mwendo wa kasi, ambayo muundo wake ndio unaotumika katika chipu za nitridi ya galiamu za maikrowevu, ilibuniwa na Takashi Mimura wa Fujitsu mwaka 1979, na miongoni mwa watumiaji wake wa kwanza walikuwemo wanaastronomia wa Nobeyama, Japani, waliokuwa wakisikiliza mawimbi hafifu kutoka angani. Jeshi la Marekani lilikuja baadaye, likazikuta nyuzi hizo mbili zimeshasokotwa, likalipia kamba. Je, kamba yote iwe yake?

Kisha kuna gharama ambayo haionekani kwenye karatasi ya hataza. Fuwele ya kabidi ya silikoni, ambayo juu yake nitridi ya galiamu ya maikrowevu huoteshwa, hukua ndani ya chungu cha grafiti kilichofungwa, katika joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, ambamo unga wake hugeuka mvuke na kuganda juu ya mbegu. Fundi haoni kinachoendelea mle ndani. Husubiri siku kadhaa, hufungua, hukata mabamba membamba, na mara nyingi hukuta vishimo vyembamba kama nywele vimepenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kila kishimo kinaua kifaa kitakachojengwa juu yake. Utafiti wa mwanzo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina ulipata fedha za jeshi la majini, hilo sikatai. Lakini kampuni ya Cree, iliyoanzishwa mwaka 1987 na watu waliotoka chuoni hapo, ilivipunguza vishimo hivyo kwa miaka mingi ya kufungua chungu na kusikitika. Nani angejitosa katika kazi hiyo akijua kwamba jirani atapewa leseni siku atakapofanikiwa?

Nawakumbusha pia hali ilivyokuwa kabla ya 1980. Serikali ya Marekani ilikuwa imeshikilia hataza zipatazo 28,000, na zilizopewa leseni hazikufika asilimia 5. Mali ya umma isiyoguswa na mtu haina faida kwa umma.

Mtoa hoja:

Nakushukuru mwenzangu, hasa kwa habari za nitridi ya galiamu, kwa sababu zinanilazimisha kusema kwa usahihi zaidi. Nakubali kwamba mlipaji asipewe kile alichokikuta. Ujuzi ambao kampuni iliingia nao kwenye mkataba ubaki wake, uorodheshwe siku ya kutia saini, na umma udai tu kilichozaliwa baada ya siku hiyo. Ni kazi ya kuchosha, lakini wanasheria wa mikataba wanaifanya kila siku.

Takwimu ya hataza 28,000 siikubali kama ulivyoitumia. Sehemu kubwa ya hataza hizo ilitoka kwenye mikataba ya ulinzi, na wizara ya ulinzi ndiyo iliyokuwa na desturi ya kumwachia mkandarasi hataza anapoitaka. Zilizobaki serikalini, kwa kiasi kikubwa, ni zile ambazo mkandarasi alishazitazama na kuzikataa. Huwezi kuyachukua makapi yaliyobaki baada ya kupepeta, ukayapima, kisha ukasema shamba halizai.

Kama unataka kuona umma ukimiliki hataza yenye uhai, tazama fuwele kimiminika. Katika miaka ya 1960 Uingereza ilikuwa ikilipa mrabaha mkubwa nje kwa ajili ya mirija ya televisheni za rangi, na swali likaulizwa serikalini kama inawezekana kupata kioo bapa cha kuonyeshea picha. Kazi ilipewa maabara ya rada ya jeshi iliyokuwa Malvern, ambako Cyril Hilsum na wenzake waliona kwamba tatizo halikuwa saketi bali malighafi yenyewe: fuwele kimiminika zilizokuwepo ama ziliharibika kwa unyevu na mwanga, ama zilihitaji kupashwa joto ndipo zifanye kazi. Wizara ya ulinzi ikaingia mkataba na George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull. Mwaka 1972 yeye na wenzake walipata jamii ya kampaundi za sayanobifenili, imara, zisizo na rangi, zinazofanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Peter Raynes wa Malvern akatafuta namna ya kuzichanganya ili zistahimili baridi na joto la mchana. Hataza zilikuwa za wizara. Kampuni ya kemikali ya BDH ilipewa leseni ya kuzitengeneza, watengenezaji wa saa na vikokotoo wa Japani wakanunua, na mrabaha ukarudi serikalini.

Kwa hiyo ule woga kwamba hakuna atakayejitosa bila kumiliki haukuthibitika pale. BDH haikuwa na hataza, ilikuwa na leseni na mteja, na hivyo viwili vilitosha. Kwa kazi kama ya chungu cha kabidi ya silikoni, ambako gharama baada ya uvumbuzi ni kubwa kuliko uvumbuzi wenyewe, niko tayari kukubali leseni ya mtu mmoja kwa miaka saba au minane, kisha mlango ufunguliwe kwa wengine.

Mchangiaji wa tatu:

Naomba kuingia, maana nyote wawili mnagawana mali kana kwamba kila mara imewekwa mezani. Uvumbuzi wa kijeshi una tabia nyingine, nayo ni kufungiwa kabatini.

Mwezi Novemba 1957 Gordon Gould, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika katika daftari lake mpango wa chombo alichokiita leza, akaupeleka kwa mthibitishaji wa nyaraka akagongewe muhuri. Leza ilitokana na meza (kwa Kiingereza maser), chombo cha maikrowevu ambacho Charles Townes alikifanyia kazi katika chuo hichohicho kwa fedha za majeshi. Gould alihamia kampuni ndogo iitwayo TRG, ambayo iliomba takriban dola 300,000 kutoka kwa wakala wa utafiti wa jeshi. Mwaka 1959 ikapewa 999,000, na pamoja na fedha hizo ukaja usiri. Mradi ukafanywa siri, Gould akanyimwa kibali cha usalama kwa sababu ya mahusiano yake ya zamani na wafuasi wa Marx, na mtu aliyebuni mradi akazuiwa kuingia mahali unapofanyiwa kazi. Wenzake walilazimika kumwendea na maswali bila kuweza kumweleza kwa nini wanauliza. Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman wa maabara ya Hughes huko Malibu aliwasha leza ya kwanza duniani, kwa kutumia rubi na taa ya mmweko. TRG ilikuwa na fedha nyingi zaidi, lakini haikumruhusu mwenye wazo mlangoni.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1951 kuhusu usiri wa uvumbuzi inaruhusu ombi la hataza kufungiwa kwa amri inayohuishwa kila mwaka, na amri za namna hiyo zinazoendelea kutumika zinahesabika kwa maelfu. Ndugu mtoa hoja, hataza ikiwa ya umma lakini umma haujui kwamba ipo, umempa mlipa kodi nini?

Mtoa hoja:

Umenigusa nilipokuwa dhaifu, nami nalirekebisha pendekezo langu. Amri ya usiri isihuishwe na idara iliyoiomba. Ihuishwe na jopo lenye wanasayansi wasio wa jeshi, na baada ya miaka mitano mzigo wa kuthibitisha umwangukie anayetaka kufunga, siyo anayetaka kufungua. Mvumbuzi asizuiwe kamwe kuisoma kazi yake mwenyewe. Mpinzani wangu, ukikubali orodha ya ujuzi wa awali na leseni ya muda kwa kazi zenye gharama kubwa, ni kipengele gani kati ya hivi vya usiri ambacho bado huwezi kukitia saini?