Bosi kanikata mshahara wote kwa shoti, kisha kaniambia nisirudi. Naanzia wapi?

Binti wa Igoma
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, nimechanganyikiwa.

Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, mwaka wa nne huu. Mshahara laki tatu, mkataba wa maandishi sina, hela naingiziwa kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Juzi tulipopiga hesabu ikaonekana shoti ya 780,000. Wauzaji tuko wawili, na mtoto wa bosi naye huchukua mali bila kuandika. Bosi hakutaka kusikia. Mshahara wangu wote kaukata, kesho yake akanifukuza mbele ya wateja, akasema nikimsumbua atanipeleka polisi kwa wizi. Barua hakunipa. Sasa inaenda wiki ya tatu.

Ana haki ya kukata mshahara wote? Bila mkataba nina haki yoyote? Na wakili nitamlipa nini wakati hata kodi ya chumba sina?

Kapoteki
Pole dada. Bila mkataba hapo huna kesi. Muachie Mungu, tafuta kazi nyingine.

Katibu wa Tawi
Ndugu Kapoteki, usimkatishe tamaa binti wa watu. Nimekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kazini kwetu kwa muda mrefu, na hayo maneno ya "huna mkataba huna kesi" ndiyo yanayowafanya waajiri walale usingizi.

Mdogo wangu, kuhusu mkataba: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Asipoweza kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Wewe onyesha tu kwamba ulikuwa unafanya kazi pale. Meseji za mshahara ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Usizifute. Kama kuna risiti ulizoandika kwa mkono wako, au meseji za WhatsApp anazokuagiza mzigo, zihifadhi zote.

Shoti sasa. Kukatwa kwa ajili ya hasara kunaruhusiwa, ila kwa masharti: uwe umekubali kwa maandishi, hasara itokane na kosa lako, na upewe nafasi ya kujieleza kabla ya kukatwa. Hata hayo yote yakitimia, makato hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara. Robo ya laki tatu ni 75,000. Yeye kachukua yote na hakukusikiliza.

Lakini kinachonitia wasiwasi ni hiyo wiki ya tatu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine kama mshahara uliokatwa ni siku 60. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utatakiwa kueleza sababu za msingi, na sababu ya "sikujua sheria" haibebi. Nenda kesho. Mwanza ofisi yao ipo.

Kufungua shauri ni bure. Utapewa Fomu Namba 1. Ijaze taratibu, na ile sehemu ya wanaolalamikia kuachishwa kazi usiiruke. Andika kila unachodai: mshahara uliokatwa, notisi ya siku 28 kwa sababu unalipwa kwa mwezi, likizo ambazo hukwenda wala kulipwa, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliotimia, cheti cha utumishi, na fidia ya kuachishwa isivyo halali. Nimeona watu wakilia mbele ya mwamuzi kwa kitu ambacho ni haki yao kabisa, ila kwenye fomu hakimo. Usichokiomba pale, baadaye ni shida kukipata.

Mama Watatu
Kuhusu wakili, mdogo wangu, CMA unaweza kujisimamia mwenyewe. Kwanza mnakaa na msuluhishi, ambaye ana siku 30 za kuwapatanisha. Mkishindwana ndipo mnakwenda kwa mwamuzi. Ukiitwa usikose, shauri linaweza kufutwa. Tangu itoke Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaosajiliwa, na msaada wao ni bure. Waulizie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, wakusaidie kujaza fomu.

Kapoteki
Nashukuru kwa kuelimishwa. Lakini bosi si atakana tu kwamba hakumfukuza? Atasema binti aliacha kazi mwenyewe.

Katibu wa Tawi
Swali zuri, na wengi huangukia hapo. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa alikuachisha kwa haki, lakini akikana kwamba alikuachisha, wewe ndiye uonyeshe. Binti, mwandikie meseji leo, ya heshima: "Tarehe fulani uliniambia niondoke nisirudi, naomba barua na stahiki zangu." Akijibu, hata kwa matusi, umepata. Akinyamaza, nakala unayo.

Binti wa Igoma
Mungu awabariki sana. Mambo mawili. Kanipigia leo mchana, anataka anipe laki moja nisaini karatasi. Na polisi bado naogopa.

Mama Watatu
Hiyo karatasi usiisaini. Nina hakika imeandikwa umelipwa kila kitu na humdai. Kama anataka kulipa, alipie mbele ya msuluhishi, makubaliano yaandikwe hukohuko.

Polisi ukiitwa nenda, usijifiche, ukiambatana na ndugu au wakili. Usisaini maelezo hujasomewa ukayaelewa. Mueleze mpelelezi kwamba wauzaji mko wawili na mtoto wa mwenye duka huchukua mali.

Binti wa Igoma
Asante dada. Nakala ya fomu ambayo bosi anatakiwa kupewa kabla sijairudisha CMA, nampelekea mwenyewe? Naogopa kurudi pale dukani.

Katibu wa Tawi
Mtume mtu mzima unayemwamini, bosi asaini kuipokea kwenye nakala yako. Akikataa, itume kwa rejista ya posta na risiti yake uiambatanishe unapoirudisha CMA. Fanya hivyo kabla siku 30 hazijaisha, usisubiri akujibu meseji.